Ulinganisho: ufukwe wa ghuba, wa nyuma ya mwamba, au wa ukuta wa mawe kwa watoto wadogo?

Upepo_Mwanana: Wadau, msafara una watoto watatu (miaka 2, 5 na 9) na bibi mwenye magoti mabovu. Fukwe tatu za pembezoni mwa mji, zote zinasifiwa kuwa shwari. Moja iko ndani ya ghuba, ya pili ina mwamba wa matumbawe mbele, ya tatu imekingwa na ukuta wa mawe. Ipi inafaa, na saa ngapi?

Bamvua: Anza na jedwali la maji, ufukwe baadaye. Pale maji yanapojaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo saa iliyofaa Jumapili iliyopita haifai Jumapili hii.

Nyuma ya mwamba, maji yakipwa hubaki madimbwi ya kufika vifundoni. Wa miaka 2 atafurahi, wa 9 atanuna. Yakijaa, mawimbi huvuka mwamba, na maji yaliyoingia hutafuta mlango wa kutokea. Huo mlango ndio wa kuogopa: maji yake yameiva rangi, wimbi halivunjiki hapo, povu na mwani vinaelekea nje. Wageni huupenda kwa kuwa unaonekana umetulia! Ukimbeba mtu, asishindane nao. Aelee, apunge mkono, au aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke kwenye mkondo.

Mama_Ndoo: Kwa bibi, ghuba. Angalia mchanga: ulio laini huambatana na mteremko mdogo na hushikana ukilowa, kwa hiyo mguu hauzami. Mchanga wa chengachenga huambatana na mteremko mkali. Ingia mwenyewe kwanza. Maji yakikufika magotini kabla ya hatua kumi, hapo si pa mtoto wa miaka 2.

Ubaya wa ghuba ni kwamba maji hayabadiliki haraka. Mvua kubwa ikinyesha, mitaro ya mji humwaga uchafu humo. Subiri siku mbili au tatu, na usikae karibu na mdomo wa mtaro hata kiangazi.

Kaskazi: Mnasahau upepo. Ukivuma kutoka nchi kavu, maji ya ukingoni hulala kama kioo na kila mtu husema leo shwari. Upepo huohuo humsukuma nje mtoto aliyepanda boya la kupuliza, na mzazi anayelifuata kwa kuogelea halifikii. Maboya hayo yabaki nyumbani. Yale ya mikononi nayo si vifaa vya uokoaji, huchomoka. Jaketi la kuokolea lichaguliwe kwa uzito wa mtoto, si umri, na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo litapanda usoni.

Upepo_Mwanana: Na ukuta wa mawe?

Bamvua: Ndani pametulia kweli, ila mawe yaliyo chini ya alama ya maji kujaa huota mwani na kuteleza, na mkondo hupenda kukimbia kando ya ukuta kuelekea nje. Huyo wa miaka 9 atataka kuupanda tu. Ningeuweka wa mwisho.

Mama_Ndoo: Sikubaliani kabisa. Ukuta wenye waokoaji ni bora kuliko ghuba isiyo na mtu. Kaeni kati ya bendera za nyekundu na njano; nyekundu tupu maana yake msiingie. Hata hivyo wa miaka 2 awe umbali wa mkono wako, simu mfukoni.

Mashimo ya mchanga yasizidi goti la mtoto mdogo kuliko wote, kwa sababu kingo huporomoka na kufukia. Nguo za kuogelea ziwe rangi ya machungwa au njano kali, bluu hupotea majini.

Kaskazi: Saa: chagueni siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, siyo mpevu wala mwandamo. Fikeni saa moja asubuhi, ondokeni saa nne kabla jua halijawa kali. Losheni ipakwe kabla ya kutoka nyumbani, irudiwe kila baada ya saa mbili na kila mkitoka majini.

Bamvua: Mkiamua mwamba, viatu vya maji kwa wote, bibi pia. Miiba iliyomo kwenye nyufa haichagui umri.