Tupeane uzoefu: nusu siku ya baiskeli ya umeme na kutembea korongoni, kwako ilikuwaje?

MguuNiponye

Wadau, salaam. Leo ni siku ya nne tangu nitoke Hell's Gate pale Naivasha, na ngazi za ofisini bado nazishuka kinyumenyume kama mtu anayeagana na sultani. Nikaona kuliko kuugua peke yangu, nilete uzi.

Tulikuwa sita, watu wa ofisi moja. Mpango: baiskeli za stima kutoka lango la Elsa hadi karibu na korongo la Ol Njorowa, tushuke korongoni kwa miguu na mwongozaji wa pale, turudi kabla jua halijawa kali. Mimi nina miaka 47 na kitambi cha heshima. Katika maelezo yote nililolishika ni neno moja tu, stima. Nikajiambia hii ni bodaboda isiyo na kelele, kazi yangu ni kukaa na kuhesabu pundamilia.

Kumbe mota ile haitaki mvivu. Ukiacha kukanyaga, nayo inanyamaza. Ukikanyaga, unasikia kama mtu amekushika kiunoni anakusukuma. Na njia yenyewe ina vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga wa muhogo. Gurudumu la mbele likizama humo, usukani unajiamulia pa kwenda. Nilianguka mara moja, kwa goti, mbele ya twiga. Alinitazama, akarudi kwenye mgunga wake.

Muda si mrefu ukishaingia unakutana na Fischer's Tower, mnara wa mwamba wa kama mita 25. Jina ni la Mjerumani, Gustav Fischer, aliyepita hapo mwaka 1883. Mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai, Fischer hakumshughulisha hata kidogo. Kwake yeye ule ni mwili wa binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa. Alikatazwa kutazama nyuma, akatazama, akawa jiwe. "Ndiyo maana mimi nikiwa kwenye baiskeli sigeuki," akasema, akaongeza mwendo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Tulipofika tuliegesha baiskeli, tukanywa maji, wenzangu wakaanza kupiga picha. Kijana hakuangalia korongo. Aliangalia vilima vya mbali kwa muda, akapiga simu mbili kwa Kimaa, akarudi: "Leo hatufiki mwisho. Tunakwenda hadi kwenye maji ya moto, tunageuza."

Juu yetu anga ya buluu, wingu la dawa hakuna. Nilinuna waziwazi. Nikauliza kama na pesa itarudi nusu. Hakunijibu.

Tukashuka. Pale chini kuta zinakaribiana mpaka unazigusa zote mbili bila kunyoosha mikono, na zimechongwa na maji zikawa na mikunjo kama kanga iliyoanikwa ikiwa bado haijakamuliwa. Kuna sehemu unateremka kwa makalio, hakuna cheo wala tai. Ukutani maji ya moto yanadondoka. Niliweka kidole nikakitoa mbio. Tukageuza kama alivyosema. Tukiwa tunakaribia pa kupandia, kijito kilichokuwa kinapita kwenye kifundo cha mguu, maji meupe kabisa, kikaanza kuwa rangi ya chai ya maziwa. Halafu vikaja vijiti. Vijiti vidogo na majani makavu, vinaelea vinatupita.

Yule kijana hakusema "si niliwaambia". Alisema "Twende" mara moja tu, kwa sauti ya chini, na uso ule uliokuwa unacheka tangu langoni haukucheka tena. Tulipanda. Tulipokuwa juu tulisikia maji kabla ya kuyaona.

Leteni na zenu. Si lazima Naivasha, popote palipo na baiskeli na korongo.

Nyota_ya_Ziwani

Mimi ni mzaliwa wa huku, niseme kidogo. Huyo kijana mpe heshima yake. Korongo lile ni mfereji. Zamani sana ziwa lilipokuwa kubwa, maji yake yalikuwa yanatoka kwa kupitia hapo. Mvua ikinyesha milimani, maji yanakusanyika huko na kushukia kwenye ule mwanya, wewe uko chini umevaa miwani ya jua. Ndiyo sababu kutazama juu ya kichwa chako hakukusaidii. Tazama yanakotoka, au uwe na mtu wa kumpigia simu aliyeko huko.

Aprili 2012 walikufa vijana saba, walikuwa kwenye matembezi na wenzao wa kanisani. Septemba 2019 wakafa wengine saba, watalii pamoja na mwongozaji wao, korongo likafungwa. Angalieni mwezi wa ajali hiyo ya pili. Septemba, ambapo wengi tungeapa hakuna mvua. Kwa hiyo msijipangie kwa kalenda ya masika peke yake. Uliza langoni sehemu zipi ziko wazi siku hiyo, na ukiambiwa hakuna kushuka, endesha baiskeli yako, angalia swala, nenda nyumbani.

Halafu kuna jambo huwa linanifurahisha na watu hawalioni. Yale mabomba na moshi mweupe mnaouona upande wa Olkaria ni mvuke wa ardhini, unazungusha mitambo ya umeme tangu 1981, miaka mitatu kabla hata mbuga haijatangazwa. Kwa hiyo ukichaji betri ya baiskeli hapa Naivasha, sehemu ya hiyo stima imetoka chini ya njia utakayoipita. Jiwe linakusukuma kwenda kulitazama jiwe.

Fundi Cheni

@MguuNiponye pole mkuu, goti likanda na maji ya vuguvugu. Mimi ni fundi baiskeli, niko Arusha, hizi za umeme zimeanza kuletwa kwangu. Niseme yale ambayo wanaokodisha hawayasemi.

Moja, ni nzito. Ya kawaida ya milimani ina kilo 13 au 14, hii inafika 20 hadi 25. Betri ikiwa na chaji huoni tofauti. Betri ikikata, utaona. Nilishawahi kusindikiza kundi la watu wanane, baiskeli wamekodi kwa kampuni moja ambayo siitaji. Walipewa zikiwa zimechajiwa nusu, na taa za betri hakuna aliyeziangalia. Wakaenda kwa msaada wa mota wa juu kabisa, upepo uko mgongoni, raha tele, nyimbo. Kurudi ni kilima na upepo wa uso. Tatu zikazima kilomita sita kabla ya gari. Kuna bwana mmoja alikuwa anaisukuma huku anaitukana kwa kilugha chake, kila hatua na tusi lake, hakurudia hata moja.

Kwa hiyo bonyeza kitufe cha betri mbele ya anayekukodisha, uhesabu taa. Kwenda tumia msaada wa chini, ule wa juu uuwekee kilima cha kurudi. Breki zikamate zote mbili ukiwa umesimama, uisukume mbele. Gurudumu likizunguka, rudisha. Uzito ule kwenye mteremko hausamehe breki iliyolegea. Na uulize nani kabeba pampu na tyubu, kwa sababu miiba ya migunga haijui kama wewe ni mtalii.

Babu wa Chuda

Kwa hiyo mnalipa pesa mkasukume baiskeli. Sisi Tanga tulikuwa tunasukuma bure, na nazi mia juu.

MguuNiponye

😂😂 Babu uzi huu si wako, nenda kapumzike.

Bint Mattrah

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, Oman, na huku kwetu korongo ni la Wadi Ghul, chini ya Jebel Shams. Kilele kinafika kama mita 3,000, kwa hiyo mjini mnakaangwa na joto, kule juu unavaa sweta. Tulienda kina dada watano, tukaendesha za umeme kwenye uwanda wa juu, kisha tukaziacha kijiji cha Al Khitaym tukaingia njia ya miguu inayokwenda As Sab, kijiji kilichohamwa, kimegandamana na jabali.

Wenye kizunguzungu wasikilize: ile njia iko ubavuni mwa mlima. Mkono mmoja mwamba, mkono wa pili hewa. Pana vya kutosha, mbuzi wanapishana, lakini usiandike ujumbe kwenye simu huku unatembea. Mimi nilitembea na macho yameganda kwenye visigino vya dada yangu mkubwa kwenda na kurudi. Mkiniuliza korongo lilikuwaje nitawaambia raba zake zilikuwa za kijivu, ya kulia imechanika kidogo.

Na hao mbuzi! Tumekaa kula, akaja mmoja akafungua mfuko kwa mdomo, akachagua tende, mkate akauacha. Mwongozaji wetu, mtu wa makamo, muda wote anatusemesha Kiarabu. Dada yangu alipopiga kelele "Jamani tende zangu!", yule bwana akamgeukia: "Mwache ale bibi, huyu ndiye mwenyeji." Kumbe mama yake kazaliwa Ng'ambo, Unguja. Safari iliyobaki ikawa ya Kiswahili, na hofu yangu ikapungua nusu. Sijui kwa nini, lakini kuambiwa "taratibu, weka mguu hapa" kwa lugha ya nyumbani ni kitu kingine kabisa.

Kilomita Moja Zaidi

Ujerumani hapa. Korongo la Partnachklamm, Garmisch. Baiskeli unaiacha nje, ndani ni miguu tu, kama mita 700, njia imechongwa kwenye mwamba na dari linakudondokea maji ya baridi shingoni. Kuta hadi mita 80. Tangu 1912 watu wanapita humo. Kuzuri, ila hakuna aliyeniambia nivae koti la mvua siku ya jua.

Kuhusu baiskeli: Ulaya mota inakata ikifika kilomita 25 kwa saa, ni sheria. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika, nikamrudishia mwenyewe. Aliniangalia kama nimerudisha chai kwa sababu ina sukari.

Kobe wa Mto wa Mbu

Mimi sina ya umeme, naomba mnipokee hivyo hivyo. Niliendesha ya kawaida, ya kuazima kijijini Engare Sero, Ziwa Natron, Ol Doinyo Lengai umesimama nyuma yangu. Gia ilikuwa moja, na hiyo moja ina hasira. Joto la kule wanaolijua wanalijua. Saa tatu asubuhi pedeli za chuma zinaunguza.

Lakini ukishaingia kwenye korongo la mto unasahau. Unatembea ndani ya maji, yanafika gotini, mahali pengine pajani, mitende imeota kwenye ukuta juu huko na maji yanamwagika katikati yake kama mtu anayesuuza sufuria. Ukifika kwenye maporomoko unaingia na nguo zako.

Kosa langu lilikuwa ndapo za plastiki. Mawe yana utelezi, ndala ya kushoto ikaniaga mapema, nikaiona inakwenda na mto kwa haraka kuliko nilivyokuja. Mwongozaji, Mmaasai wa pale pale, alinipa fimbo yake, yeye akatembea mikono mitupu kwenye mawe yale yale kama yuko sebuleni. Nilirudi kijijini nikikanyaga pedeli ya kushoto kwa kisigino. Vaeni kiatu kinachofungwa, kilowe, si neno, kitakauka.

Kobe wa Mto wa Mbu

*ndala, si ndapo. Hata kuandika bado nateleza.

Mama Pili

Nimesoma zote, asanteni wanangu. Nina miaka 63, watoto wananilazimisha Hell's Gate mwezi ujao. Baiskeli niliwahi kuendesha shuleni. Nitaweza?

Nyota_ya_Ziwani

Shikamoo mama. Baiskeli utaweza, tena hiyo ya mota ndiyo imetengenezewa safari yako. Waambie wakushushie kiti mpaka nyayo zote zifike chini, na uzunguke kwanza pale langoni mara tatu nne kabla ya kuondoka. Kanga fungia begini, isiingie kwenye cheni. Korongoni mimi ningekuambia usishuke. Kuna mahali pa kuchuchumaa na pa kuruka, na kurudi ni kupanda kwa mikono. Kaa pale juu wanapopumzika watu, vivuli vipo. Ila chakula usikiweke mezani. Nyani wa pale wanafahamu zipu.

Mama Pili

Marahaba mwanangu. Nyani nitawaweza, nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini.

MguuNiponye

Mama Pili, ukienda naomba nikufuate nyuma.

Wadau, nimewasoma. Leo asubuhi nimemtafuta yule kijana, namba yake nilikuwa nayo kwenye risiti. Nimemtumia kidogo kwa M-Pesa, na ujumbe wa kuomba radhi kwa kununa na kwa lile swali la nusu ya pesa. Nilitegemea atasema lolote kuhusu maji. Amejibu hivi: "Asante mzee. Goti?"