Nina ADHD na kazi yangu ni kushona: mnapangaje muda wa oda?

Mshonaji wa Kinondoni
Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34. Mwaka jana daktari wa magonjwa ya akili alinithibitishia kuwa nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya umakini na kujipangia muda viwe vigumu. Dawa natumia na inasaidia, nikikaa kwenye cherehani natulia. Ila muda bado unanikimbia. Mteja akisema anataka gauni Ijumaa, hiyo Ijumaa naiona mbali mpaka Alhamisi usiku. Nikianza kudarizi shingo ya kanzu, adhuhuri inapita, alasiri inapita, sijala, na sare za kwaya ziko mezani hazijakatwa. Daftari la oda ninalo. Kengele ya simu naizima bila hata kujua nimeizima. Nawauliza watu wazima wenzangu wenye hali hii, hasa wa kazi za mikono: siku yenu mnaipangaje? Naomba nisiambiwe nijitume zaidi, najituma sana.

Mdau wa Tanga
Pole dada. Jaribu kalenda ya simu, ina rangi tofauti kwa kila mteja.

Seremala wa Keko
Dada fundi, na mimi ninayo, niligunduliwa nikiwa na miaka 41. Kalenda ya simu, kwa heshima ya ndugu hapo juu, inamfaa mtu anayekumbuka kuifungua. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitafiti ADHD kwa miongo kadhaa, anaeleza kwamba mwenye hali hii kwa kawaida anajua la kufanya. Kinachomshinda ni kulifanya wakati wake ukifika. Ushauri wake: muda utoke kichwani ukae machoni, palepale kazi inapofanyika.

Kwa cherehani ningefanya hivi. Piga misumari sita ukutani, Jumatatu hadi Jumamosi, mbele yako unapokaa. Kitambaa cha mteja, uzi, vifungo na karatasi ya vipimo viingie mfuko mmoja, na mfuko utundikwe kwenye msumari wa siku ya KUKATA. Siku ya kuchukua nguo haina kazi ndani yake, ndiyo maana ukiiandika peke yake haikusukumi. Msumari ukishabeba mifuko mitatu, mteja wa nne anahamia msumari wa siku inayofuata, na unamwambia akiwa bado amesimama mlangoni.

Halafu kila mteja aje kujaribu nguo kabla haijaisha. Tarehe ya kujitungia mwenyewe kichwa kinaijua kuwa si ya kweli. Lakini mama wa sendofu anayekuja Jumatano saa 4 asubuhi ni mtu kweli, utataka akute mabega yameshaungwa.

Saa ya kuanza na ya kumaliza kila nguo iandike ukutani kwa chaki. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walishaeleza mwaka 1979 kwamba binadamu, hata asiye na ADHD, hukadiria kazi kuwa fupi kuliko ilivyo. Usiulize kichwa gauni linachukua muda gani, uliza ukuta.

Kuhusu kuzama kwenye darizi: kengele inazimwa kwa kidole, mtu hazimiki. Nimekubaliana na kijana wa kahawa, akipita alasiri anamimina kikombe na kunisubiri ninywe nimlipe. Nikishasimama, kazi nyingine naiona.

Muuguzi
Naongeza moja tu. Kama dawa yako ni methilifenidati ya kawaida, si ile inayotoa nguvu yake polepole, nguvu yake hudumu takribani saa 4. Kukata na kupima kukae ndani ya saa hizo, kupiga pasi na kushona vifungo baadaye. Saa ya kumeza usiibadilishe mwenyewe, zungumza na daktari wako. Na usiruke mlo. Dawa hizi hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo usisubiri njaa ikukumbushe.

Mshonaji wa Kinondoni
Asanteni sana. Misumari napiga kesho asubuhi, na mama ntilie wa jirani nitamwomba aniletee chakula adhuhuri hata nisipoagiza. Kaka seremala, nina wateja wa Kibaha wasioweza kuja mara mbili. Hao nao?

Seremala wa Keko
Mmoja mmoja wape siku na saa ya kukupigia simu ya video, umwonyeshe nguo ilipofikia. Ila apige yeye. Usikubali kuwa wewe ndiye wa kupiga.