Kaka yupo jeshi la Marekani, kapangiwa Ujerumani ila aongeze mkataba kwanza. Hii imekaaje?

Kibosho_Juu: Wakuu habari za jioni, kaka yangu yupo jeshi la Marekani mkataba wa pili huu, umebaki kama mwaka, sasa kapewa uhamisho wa Ujerumani wanamwambia ili aende na familia lazima aongeze mkataba kwanza. Mama huku Moshi anasema mwanangu wamemfunga. Akikataa inakuwaje?

MzeeWaSakina: Mkuu hapo hajaonewa. Ujerumani na familia ni miezi 36, peke yake 24. Serikali inalipa nauli yake, ya mke na watoto, vyombo vya ndani mpaka vitanda vinafungashwa, na gari moja linapanda meli. Sasa wagharamie yote hayo halafu mwaka ukiisha uage, wakurudishe kwa hela yao na wampakie mwingine aje kuziba nafasi yako? Akikataa hafungwi, anasaini fomu kwamba hataki kuendelea, anamaliza muda wake anatoka, ila mlango wa kuongeza mkataba ndo unafungwa hapo. Aisome vizuri kabla ya kusaini.

MamaPacha_Ngarenaro: Nakubali ila kumbana mtu na mkataba ni nusu tu ya hesabu, hela inaokolewa zaidi mkipunguza kuhamahamisha watu. Hata Pentagon (wizara ya ulinzi ya Marekani) wameliona, uhamisho unawala kama dola bilioni 5 kwa mwaka na mwezi wa 5 2025 waliagiza ule usio wa lazima ukatwe 10% mwaka wa fedha 2027, ipande hadi 50% ifikapo 2030. Mimi ni mke wa mtumishi wa serikali hapa Bongo, mume akihamishwa analipwa posho ya usumbufu 10% ya mshahara wa mwaka na kujikimu siku 14, sawa, lakini saluni niliyoifunga na wateja niliowazoea miaka yote nani alinilipa? Mkuu, shemeji yako anafanya kazi gani huko? Hilo liulizeni kwanza.

Kibosho_Juu: Ni nesi, na kazi ameipata juzi juzi tu. Asante dada, hili hatukuliwaza kabisa.

MzeeWaSakina: Basi na ile ya miezi 24 peke yake waipigie hesabu, ingawa watoto kumkosa baba miaka miwili sio kitu kidogo. Halafu mwambie mama, kila anayejiunga kule anasaini jumla ya miaka 8, akitoka kabla haijatimia iliyobaki anakaa kwenye akiba na wanaweza kumwita.

Kibosho_Juu: Ana miaka 6 jeshini. Kesho jioni nampigia na mama akiwa pembeni asikie mwenyewe.