Tupeane uzoefu: mabenchi ya sadaka mjini Lamu, lipi linakalika?

Mkaazi wa Mkomani
Assalaam aleikum wenzangu. Mabenchi yanayotolewa na watu hapa mjini yamezidi: moja la kumkumbuka marehemu, jingine la waliosoma pamoja, jingine la mgeni aliyeupenda mji. Nia ni njema, Mungu awalipe. Lakini mengi hayakaliki, na wa kusema ni sisi tunaoyatumia.

Mimi naangalia kivuli kwanza, egemeo baadaye. Pwani yetu imeelekea mashariki, upande wa kisiwa cha Manda, hivyo benchi lisilo na mti huwaka tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alasiri majumba ya nyuma hutupa kivuli, na hapo ndipo watu hujaa. Mkunguni, mbele ya ngome, miti imeshamaliza kazi hiyo, ndiyo maana bao halikosi wachezaji. Kuna benchi moja la chuma pale pwani, lina nakshi nzuri sana. Saa nne za asubuhi huwezi kuliwekea hata kiganja. Semeni nanyi: mwakalia lipi, na mwapita lipi?

Seremala, Langoni
Mbao za mvule huivumilia chumvi miaka mingi. Kinachoua benchi ni misumari. Mtoaji hununua mbao bora, halafu zinapigiliwa misumari ya kawaida; kusi haijaisha, kutu imeshatiririka kwenye ubao, tundu limepanuka, ubao unacheza. Parafujo za shaba ni ghali lakini hudumu. Benchi la zege nalo, nondo zikiwekwa karibu na uso, chumvi huzifikia, zinavimba kwa kutu na zege hupasuka kutokea ndani. Nimewahi kurekebisha moja karibu na gati. Pembe ilikuwa imemeguka na ncha ya nondo iko nje, usawa wa magoti ya watoto. Aliyelitoa alikuwa ameshasafiri, na ofisi niliyoiendea ikasema si mali yao. Niliikata nondo kwa gharama yangu.

Mama, Wiyoni
Kaka zangu, Mkunguni ni kwenu. Sisi wanawake hatuwezi kujipumzisha katikati ya wanaume na bao lao. Benchi lililonifaa mimi ni lile la zahanati, chini ya mwarobaini, alilotoa mtu kwa niaba ya mamake. Halina jina. Lina mikono ya pembeni, na mwenye mimba ya miezi minane huishika akainuka mwenyewe bila kuvutwa. Aliyelitengeneza alitufikiria. Tunaomba mengine ya aina ile, na yawe upande wetu.

Mwenye punda
Lile la kwenye kichochoro liondolewe. Punda aliyebeba mawe ya ujenzi hapiti mpaka aliyeketi asimame, na mara nyingi ni mzee.

Niko Uingereza
Huku mabenchi ya kumbukumbu yamejaa bustanini na pwani, kila moja na kibati chake cha jina. Halmashauri nyingi huyaruhusu kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 10, na muda ukiisha familia huulizwa kama itaendelea. Nilipofiwa na baba nilitaka kumwekea benchi Lamu, iwe sadaka jaria, ile ambayo thawabu zake hazikatiki. Ami yangu akaniambia: daka la nyumba yenu, pale ukumbini mlangoni, lina baraza za mawe, wapita njia wanazikalia tangu enzi za babu, na chokaa imebambuka. Tengeneza hizo. Nikatuma fedha, zikakarabatiwa. Nikipiga simu jioni nasikia sauti za watu nisiowajua wakizungumza pale nje, na moyo wangu hutulia.

Mkaazi wa Mkomani
Mungu amrehemu mzee. Fundi, nipe vipimo, kuna familia inataka kutoa jingine.

Seremala, Langoni
Kimo cha kukalia sentimita 45, kwa wazee ongeza kidogo. Egemeo lilale nyuma kiasi. Acha mwanya kati ya mbao maji ya mvua yapite. Na waache fedha za parafujo za akiba kwa mtu wa mtaa huo huo, anayejulikana. Nikiitwa, nitakuja.