Nipime vipi bahari inavyokula kiwanja cha mzee?

MwanaPwani: Wakuu, habari za leo. Kiwanja cha marehemu baba kiko ufukweni, kusini mwa Pangani. Nikiwa mdogo mbele ya nyumba palikuwa na safu tatu za minazi. Imebaki moja, na mnazi wa pembeni mizizi iko nje, unaning'inia kama jino bovu. Mwezi wa tatu nilipima kwa futi kamba kutoka kisimani hadi maji yalipofika: mita 41. Mwezi wa nane nikapata 47. Sasa bahari inakula au inatema? Ndugu zangu wanataka ukuta na fundi keshataja bei. Mimi nataka namba kwanza.

FundiRamani: Mkuu, hukupima ufukwe, umepima maji. Bamvua la huku, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, linapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwenye ufukwe uliolala hayo ni makumi ya mita za mchanga. Ukienda siku ya maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, utapata jibu jingine kabisa. Pima hadi majani yanapoishia, au ukingo uliokatwa na mawimbi. Na usilinganishe Machi na Agosti: upepo wa kusi unasukuma mchanga upande wa kaskazini, wa kaskazi unaurudisha. Machi kwa Machi.

Ukitaka kujua mchanga umeshuka kiasi gani, kata fito mbili za mita moja na nusu, zichore sentimita. Ni njia ya Mmarekani mmoja, Emery, ya mwaka 1961, na bado inatumika. Moja isimamishe kisimani, nyingine mita 2 mbele kuelekea baharini. Teremsha jicho kwenye fito ya nyuma mpaka ncha ya ile ya mbele iguse upeo, pale bahari na mbingu zinapokutana. Jicho liko sentimita ngapi chini ya ncha? Ndivyo ardhi ilivyoshuka. Sogeza fito, endelea hadi majini.

Kijana_wa_Tanga: Mnajitesa na fito za nini? Picha za setilaiti si zipo bure?

FundiRamani: Zipo, na kwa miaka 30 au 40 hazina mpinzani. Ila setilaiti za Sentinel-2, tangu 2015, kila kiboksi cha picha ni mita 10. Landsat ni mita 30. Mita zake 6 zinamezwa humo. Hata zile picha kali za Google Earth, angalia kwanza kitu kisichohama. Mimi niliwahi kutangaza ufukwe umeliwa mita 7, kuja kutazama, na paa la msikiti nalo limehama mita 7.

BabuNahodha: Wanangu, kisiwa cha Maziwe mnakiona hapo mbele. Kilikuwa na mivinje, kasa wakipanda kutaga. Miti ikakatwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kikazama. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa halionekani. Mayai ya kasa huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasioze. Huyo fundi wa ukuta muulize, ukuta ukishazuia mchanga, wa jirani yako utatoka wapi.

MwanaPwani: Shikamoo babu. Nimekata fito za mianzi (mikoko sijagusa!), mpwa wangu kashika ya mbele. Kituo cha tano ardhi imeshuka sentimita 38 kwa mkupuo, chini ya ule mnazi. Halafu ukungu ukaficha upeo. Hapo mnafanyaje?

FundiRamani: Mnakunywa chai mpaka utokee.