Naomba ushauri: vidole vinakufa ganzi nikiendesha baiskeli kwenye baridi

Ndugu zangu, habari za majukumu. Kwetu ni Tanga ila naishi Minneapolis, Marekani, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa baridi nikiwa na baiskeli. Kila Jumamosi asubuhi nazunguka ziwa Bde Maka Ska, kisha narudi kwa njia ya baiskeli iitwayo Midtown Greenway. Ndiyo raha yangu ya wiki nzima, sitaki kuiacha.

Sasa Oktoba imeingia, asubuhi ni nyuzi joto 3 au 4 za sentigredi. Kifuani natoka jasho, lakini vidole vya mikono vinakufa ganzi baada ya dakika 20 tu. Juzi kwenye kona nilibana breki nisijue kama nimebana kweli. Ikabidi niuangalie mkono kwa macho. Niliogopa sana, maana njia imejaa majani yaliyoloa na yanateleza mno.

Nimejaribu glavu za sufu, upepo unapenya. Nikavaa mbili juu kwa juu, zikabana, ganzi ikazidi. Sweta zito nalo linalowa jasho, nikisimama kidogo tu kwenye makutano baridi inaingia hadi mifupani.

Wazoefu naomba mnisaidie: ni glavu za aina gani zinazuia upepo na bado unaihisi breki vizuri? Na ndani ya koti mnavaa nini ili jasho lisigande mwilini? Baiskeli yangu ni ya kawaida, usukani ulionyooka. Nina dola 60 kwa vyote viwili.

Natanguliza shukrani.