Je, tume ya uchunguzi iwataje kwa majina waliowadhuru watoto?

Mleta hoja: Hoja hii inatokana na yaliyotokea Ireland. Tume iliyoundwa mwaka 2000 kuchunguza mateso ya watoto katika shule za bweni zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa ya Kanisa Katoliki, ambako mahakama zilikuwa zikipeleka watoto wa maskini, ilitoa ripoti yake Mei 2009. Ilithibitisha kwamba kipigo kilikuwa utaratibu wa kawaida na kwamba udhalilishaji wa kingono ulikuwa umekithiri katika taasisi za wavulana. Hata hivyo, kufuatia kesi iliyofunguliwa na Christian Brothers, mojawapo ya mashirika hayo ya kitawa, watuhumiwa walipewa majina ya kubuni katika ripoti. Kwa maoni yangu uamuzi huo haukuwa wa haki, kwa sababu shirika lililokuwa likimhamisha mkosaji kutoka shule moja hadi nyingine lilipata pa kujificha nyuma ya jina hilo la kubuni.

Mchangiaji: Ndugu mleta hoja, tume si mahakama. Anayetuhumiwa mbele yake hapati kinga zote anazopata mshtakiwa, na jina likishachapishwa katika ripoti ya serikali halifutiki, hata ikija kubainika kwamba shahidi, baada ya miaka 50, alichanganya watu wawili. Isitoshe, ripoti ikitangulia kesi, wakili wa utetezi atadai kwamba raia watakaoketi kuamua shauri wamekwisha kusoma hukumu nyingine, na huenda mkosaji akaponyoka kwa njia hiyo.

Mleta hoja: Hofu hiyo ya mwisho ilipatiwa ufumbuzi Australia. Tume ya Kifalme ya huko, yaani tume ya uchunguzi ya kitaifa kuhusu udhalilishaji wa kingono wa watoto katika taasisi, iliyofanya kazi kuanzia 2013 hadi 2017, iliendesha vikao vya faragha 8,013 na manusura, ikawasilisha kwa polisi na mamlaka nyingine mashauri zaidi ya 2,500, na pale ambapo kesi ilikuwa ikiendelea ilizuia kwa muda sehemu za ripoti yake. Sehemu zilizomhusu Kardinali George Pell, kiongozi wa ngazi ya juu wa Kanisa Katoliki nchini humo, zilitolewa Mei 2020, mwezi mmoja baada ya Mahakama Kuu, ambayo ndiyo ya juu kabisa Australia, kubatilisha hukumu iliyomtia hatiani kwa kuwadhalilisha watoto kingono. Zilihusu kile alichokijua juu ya mapadri wengine, si mashtaka aliyofutiwa, na yeye aliyakataa matokeo hayo. Lakini angalau wananchi waliyasoma.

Kwa hiyo mimi ninamtofautisha mtendaji wa uovu na mkuu aliyemficha. Kuhusu mtendaji, nakubali kwamba neno la shahidi mmoja, tena la miaka 50 iliyopita, ni msingi mwembamba wa kuchapisha jina. Kuhusu mkuu wa taasisi hali ni tofauti kabisa, maana mara nyingi ushahidi umo katika majalada yake mwenyewe: barua ya malalamiko, tarehe ilipopokelewa, na barua ya uhamisho iliyofuata. Huyo sioni sababu ya kumsitiri, awe hai au awe amekufa, na anayeiona sababu hiyo naomba aieleze hapa.